Mayai yalikuwa na mbegu, joto la stoo ndo liliyaua: kisa cha mashine ya kina mama huku Dodoma

Kisa chenyewe kiko hivi. Kuna kikundi cha kina mama huku pembezoni mwa Dodoma mjini, upande wa Nala, wana mashine ya kutotoleshea vifaranga waliyoinunua kwa kuchangishana, na mwezi wa kumi mwaka jana wakaingia kwenye ugomvi mkubwa na kijana anaewaletea mayai ya kienyeji kutoka vijiji vya Bahi. Walipakia trei nane, saba za kijana na moja ya bibi mmoja ambae ni mwanachama, siku ya saba wakapima kwa tochi na kutoa karibu trei nne nzima ambazo ndani zilionekana tupu, hamna mshipa hamna doa. Wakasema kijana kawauzia mayai yasiyo na mbegu, tena mmoja akadai ni mayai ya kisasa yaliyochovywa kwenye maji ya majani ya chai ili yafanane na ya kienyeji. Wakamzuilia nusu ya hela yake, kijana nae akagoma kuondoka uani kwao, ishu ikafika kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mimi ndo bwana mifugo wa eneo hilo, mwenyekiti akanipigia akasema dokta njoo utusaidie, huyu kijana ni tapeli au anasingiziwa. Naandika kisa chote mana naona kila msimu wa joto kinajirudia, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa kote huko, watu wanachinja majogoo wazima kwa kosa ambalo jogoo hajalifanya, wengine wanauza mashine kwa bei ya kutupa wakidhani ni mbovu. Na chanzo ni kitu kimoja tu, watu tunaamini uhai wa kifaranga unaanza siku yai linapoingia kwenye mashine au kuku anapoanza kuatamia. Hapana. Yai la mbegu likidondoka kiotani tayari kazi imeshaanza tangu jana yake tumboni mwa kuku, na yale utakayolifanyia kuanzia dakika hiyo mpaka siku ya kulipakia ndo yanaamua.

Nilipofika nilianza na mashine yenyewe, mana hapo ndo kila mtu anakimbilia. Themomita yangu niliiweka ndani pembeni ya ile ya mashine, zote zikasoma 37.7, feni inazunguka vizuri, trei zinageuka, maji yapo. Umeme ulikuwa umekatika mara moja tu na haukuchukua muda. Lakini ushahidi mkubwa kuliko themomita ulikuwa ni ile trei ya bibi. Tulizima taa tukaangaza mayai yake moja moja, karibu yote yalikuwa yamejaa mishipa myekundu imetawanyika kila upande na lile doa jeusi la jicho linacheza ukitulia kuangalia. Mashine ileile, chumba kilekile, siku zilezile, tena trei yake ilikuwa katikati ya trei za kijana juu na chini. Kama mashine ingekuwa na tatizo isingechagua mayai ya bibi iyaache. Kwahiyo mashine nikaiweka pembeni, tatizo lilikuja na mayai.

Sasa hapo ndo kina mama wakasema umeona dokta, si tulikwambia, mayai yake hayana mbegu. Nikawaambia ngojeni kwanza. Tochi siku ya saba inakuonyesha yai lenye kitu na yai tupu, lakini hilo tupu lina maana mbili tofauti kabisa na tochi haiwezi kukutenganishia. La kwanza ni yai ambalo kweli mbegu ya jogoo haikufika. La pili ni yai lililorutubishwa vizuri kabisa, kikaanza kitu, kikafa mapema kabla hakijatengeneza damu ya kutosha kuonekana kwa nje. Ukiangaza yote mawili utaona mwanga mweupe tu. Watu wengi wanaishia hapo na hukumu inatoka. Ukitaka kujua lazima upasue.

Nashukuru kina mama hawakuyatupa, walikuwa wameyaweka kwenye trei zake kama ushahidi wa kumbana nao kijana. Nikaomba sahani tatu nyeupe. Nikamtuma mtoto dukani alete yai la kisasa, yale ya kuku wa mayai wanaofugwa bila jogoo, hilo nikalipasua sahani ya kwanza. Ya pili nikapasua yai la asubuhi hiyohiyo la kuku wa mama mwenyekiti wa kikundi mwenyewe, kuku wake wana jogoo na tulimuona. Nikawaita wote waje karibu wasogeze vichwa, kijana nae.

Ukipasua yai taratibu kiini huwa kinajigeuza chenyewe, ule upande wenye kile kidoa cheupe unakuja juu, mana ni mwepesi kuliko upande mwingine. Yai la dukani kidoa chake kilikuwa kidogo, milimita mbili tatu hivi, cheupe kizito katikati, kingo zake zimekatikakatika hazina mpangilio. Yai la mwenyekiti kidoa chake kilikuwa kipana zaidi, karibu milimita nne, na kilikuwa ni duara safi, pete nyeupe nje alafu katikati pamepauka panaonyesha. Hakuna mtu pale aliyeshindwa kuona tofauti, hata watoto waliona. Mama mmoja akaniuliza, dokta ina maana hapa tayari kuna kifaranga? Nikamwambia kifaranga bado mama, ila kilichopo hapo kimeshagawanyika makumi ya maelfu ya seli, na hakijawahi kuiona mashine wala hakijalaliwa.

Baada ya hapo nikachukua trei moja ya yale yaliyotolewa, mayai 30, tukaanza kupasua moja moja upande wa butu, unavunja ganda juu ya chumba cha hewa unabandua utando unaangalia kiini kikiwa kimetulia. Sita yalikuwa na kidoa kidogo kilekile cha yai la dukani, hayo kweli hayakuwa na mbegu. Manne yalikuwa yameshavurugika, kiini kimechanganyika na ute huwezi kusoma kitu, nikayaweka pembeni sikuyahesabu upande wowote. Ishirini yaliyobaki yote yalikuwa yameanza. Manane yalikuwa na pete nyembamba ya damu imezunguka juu ya kiini, ile ambayo wafugaji wengi wameshaiona hawajui ni nini, na kumi na mbili yalikuwa na utando mweupe umetanuka juu ya kiini kama kifungo cha shati au zaidi, bila damu hata tone.

Yule kijana alikuwa amekaa kimya muda wote, hapo akasema kwa sauti ndogo, kwahiyo dokta mayai yangu yalikuwa na mbegu. Nikamwambia mengi ndio.

Hapa inabidi nieleze kidogo kinachotokea tumboni mwa kuku mana bila hicho huwezi kuelewa nani alikosea wapi. Kiini kikikomaa kinaachiwa na kudakwa na mdomo wa mrija wa mayai, ile sehemu pana kama faneli, na kinakaa pale robo saa hivi. Hiyo robo saa ndo nafasi pekee ya kurutubishwa, mana kikishasogea mbele kinaanza kuvishwa ute na mbegu haiwezi tena kupenya. Mbegu zenyewe hazihitaji jogoo awe amepanda siku hiyo, kuku ana vifuko vidogo sana vya kuhifadhia mbegu ndani ya njia ya uzazi, akipandwa leo anaweza kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki mbili hivi. Kitu ambacho kinawashangaza wengi, na kwa kweli kinanishangaza hata mimi kila nikikifikiria, ni kwamba kwa binadamu mbegu moja ikiingia yai linafunga mlango, kwa kuku zinaingia nyingi kwa pamoja ila moja tu ndo inaungana na kiini kidogo cha seli ya mama, sio kile cha njano, zile nyingine zinapotea zenyewe. Hapo sasa ndo unapata zaigoti, seli moja, mwanzo wa kila kitu.

Kutoka hapo safari ni ya masaa kama 24 mpaka 26. Masaa matatu hivi ya kuvishwa ute, saa moja na kitu ya kuvishwa zile ngozi mbili nyembamba, na yote yaliyobaki, karibu masaa 20, ni ya ganda. Na wakati ganda linajengwa ndani hakujalala. Seli ile moja inagawanyika mara ya kwanza kama masaa matano baada ya kurutubishwa, zinakuwa mbili, nne, nane, na kuendelea, na mgawanyiko wote huu unafanyika kwenye kile kidoa tu, kile kiini kikubwa cha njano hakigawanyiki, chenyewe ni chakula. Joto la kuku ndani ni nyuzi 41 hivi, kwahiyo kazi inaenda kwa kasi kubwa, ndo mana yai likitagwa kidoa kina seli kati ya 40,000 na 60,000 zimejipanga duara. Hata wataalamu walichelewa kuipa heshima hatua hii. Hamburger na Hamilton mwaka 1951 walipogawa ukuaji wa kifaranga hatua 46 ambazo mpaka leo zinatumika duniani kote, yote ya kabla ya mstari wa mwanzo wa mwili kuonekana kwenye kidoa waliyaweka kwenye hatua moja tu ya kwanza, mpaka 1976 Eyal-Giladi na Kochav ndo wakayachambua wakakuta humo ndani kuna hatua 14 nyingine peke yake.

Yai likidondoka linapoa, na likipoa chini ya kiwango fulani seli zinasimama. Hazifi, zinasimama tu, zinaweza kukaa hivyo siku kadhaa alafu ukizirudishia joto zinaendelea pale zilipoachia. Huo ndo uwezo wa ajabu ambao unamwezesha kuku atage mayai kumi siku tofauti na yote yatoke siku moja. Kiwango hicho wengi wanakitaja kuwa nyuzi 20 au 21. Chini ya hapo kazi imesimama, juu ya hapo kazi inaendelea kidogo kidogo, na hapa naomba msomaji anielewe vizuri, hiyo kidogo kidogo ndo inayoua. Kwenye nyuzi 37 na nusu mpaka 38 sehemu zote zinakua kwa pamoja kwa mpangilio. Kwenye 28 au 30 baadhi ya sehemu zinasogea nyingine zinabaki nyuma, mpangilio unaharibika, kiinitete, yaani hicho kifaranga kinachoanza, kinachoka na kufa, au kinafika kwenye mashine kikiwa dhaifu hakiwezi kuvuka siku mbili tatu za kwanza ambazo ndo ngumu kuliko zote. Mana hizo siku ndo mstari wa mwanzo wa mwili unajichora, moyo unaanza kupiga kabla hata siku mbili hazijaisha, na mishipa inatambaa juu ya kiini kwenda kutafuta chakula. Kikifia hapo damu iliyokuwa kwenye mishipa inakimbilia ukingoni inabaki ile pete. Kikifa kabla ya hapo hakijawahi kuwa na damu, unabaki ule utando mweupe. Kwahiyo zile sahani zilikuwa zinatupa na tarehe ya kifo, manane yalifia siku ya pili mpaka ya nne ndani ya mashine, kumi na mbili yalifia saa za mwanzo kabisa au yalikuwa yameshakufa kabla hayajapakiwa.

Ikabaki swali moja, mayai haya yalilala wapi. Hapo nikakaa na kijana kwenye benchi nikamwambia dogo nisimulie yai moja tu, kuanzia linatagwa mpaka unalikabidhi, usinifiche. Akasimulia. Mama wa kijijini ana kuku watatu wanaotaga, anakusanya mpaka yafike kumi au kumi na tano ndo anauza, wiki nzima hiyo na kidogo. Kijana anapita na pikipiki nyumba kwa nyumba, anayaweka kwenye kibanda chake cha bati pale barabarani mpaka trei zijae, siku tatu nne. Anakuja nayo mjini mchana, jua la utosi, boksi limefungwa nyuma ya pikipiki na barabara za vijijini tunazijua. Kina mama nao wakipokea hawapakii, wanasubiri mashine ijae ndo wawashe, wanasema umeme ni ghali huwezi kuwashia nusu, hapo ni siku nyingine tano kwenye stoo. Ukijumlisha yai la kwanza la yule mama wa kijijini lilipakiwa likiwa na zaidi ya wiki mbili. Hata lingekaa sehemu ya baridi ni nyingi, mana mayai ya kutotolesha yanashauriwa yasizidi siku saba na yakae kwenye nyuzi 15 mpaka 18.

Stoo yenyewe niliingia. Chumba cha tofali za kuchoma, bati juu, hamna dari, dirisha dogo limezibwa na gunia ili vumbi lisiingie. Ni mwezi wa kumi Dodoma, mvua hazijaanza, ardhi imekauka, mtu anaeishi huku anajua hicho kipindi kilivyo. Niliacha themomita mle mpaka kesho yake, mchana ilifika 34, alfajiri haikushuka chini ya 25 wakati nje ulikuwa unahitaji kujifunika shuka. Maana yake ni kwamba usiku na mchana hakuna saa hata moja ambayo yale mayai yalipumzika. Kwenye stoo mlikuwa na trei moja ya kijana ambayo haikupata nafasi kwenye mashine, ilibaki. Nikaangaza kwanza, vyumba vya hewa vikubwa kuliko kawaida, yai limepoteza maji mengi kwa ukavu wa hewa yetu. Nikapasua matano. Kwenye matatu kati ya hayo kidoa kilikuwa kimeshatanuka kupita milimita nane. Mayai ambayo hayajawahi kuingia kwenye mashine hata dakika moja! Mama mwenyekiti alikiangalia kile kidoa muda mrefu, akasema kumbe tulikuwa na mashine mbili.

Na hili halijaanza Dodoma. Mtaliano mmoja wa Bologna, Marcello Malpighi, alipasua yai ambalo kuku hakuwa amelilalia na mwaka 1672 akaandika kwamba ameona tayari umbo la kiinitete ndani yake. Watu wakabishana miaka mingi sana, wengine wakaligeuza kuwa hoja kwamba kila kiumbe kimo tayari kimekamilika ndani ya yai tangu mwanzo kinasubiri kutanuka tu. Wakati yeye mwenyewe alikuwa ameeleza kwamba lilikuwa yai la jana yake, mwezi wa nane, na joto lilikuwa kali. Jua la Agosti lilikuwa limeanza kulilea lile yai bila mtu kujua. Nikiliona lile la kwenye stoo nilimkumbuka huyo mzee.

Kuna swali mama mmoja aliuliza ambalo ni la haki kabisa na najua hata anaesoma hapa analo. Alisema sasa dokta, kuku wa kienyeji anataga siku kumi na mbili, yai la kwanza liko pale kiotani siku zote hizo, hana friji, joto ni hilihili, mbona akilalia anatoa wote? Nikamwambia mwangalie anataga wapi. Chini, kwenye udongo, kivulini, nyuma ya ghala au chini ya kitanda, usiku wa Dodoma ukipoa na udongo unapoa na yai linapoa kweli. Alafu kila akirudi kutaga lingine anayakalia yale ya zamani, yanapata moto wake kamili kwa muda mfupi kisha yanapoa tena. Watafiti wameshajaribu kitu hichohicho kwenye mayai yaliyohifadhiwa, kuyapasha moto wa kuatamia kwa muda mfupi alafu kuyarudisha kwenye ubaridi, na wakakuta viinitete vinavumilia zaidi. Moto kamili kidogo alafu ubaridi, kiinitete kinauweza. Uvuguvugu usiokatika siku kumi, hakiuwezi.

Na bibi je? Bibi alikuwepo pale, mzee wa Kigogo anaesalimia mbukwa hata kama mmeonana asubuhi, nikamuuliza bibi mayai yako unayaweka wapi. Akasema, mjukuu wangu mimi nyumba yangu bado ni tembe, wanangu wananicheka wanataka waniezekee bati, mayai nayaweka pale pembeni chini kwenye chungu, mayai hayapendi bati. Tulienda kwake na themomita. Saa nane mchana, nje hapakaliki, ndani ya tembe lake, paa la udongo mnene na ukuta mnene, ilisoma 26, na ndani ya kile chungu ambacho anakikalisha ndani ya beseni la mchanga anaoumwagia maji asubuhi na jioni, ilisoma 22. Anakusanya siku tano tu kisha anapeleka, hasubiri zaidi, na kuku wake wenyewe ni sita na jogoo wawili. Sio 16 za wataalamu lakini ni karibu na pale seli zinaposimama, na kwa siku tano tofauti yake mmeiona kwenye tochi.

Ule mchanga wenye maji unafanya kazi huku kwetu vizuri kuliko sehemu nyingi kwa sababu hewa yetu kiangazi ni kavu mno, maji yanakauka kwa kasi na yakikauka yanaondoka na joto la chungu. Dar au Tanga usingepata matokeo hayo, kule hewa imejaa unyevu. Muhimu maji yasiguse mayai, yabaki kwenye mchanga wa nje. Na watu wa friji naomba mnisikie, friji ya nyumbani ni nyuzi 4 hivi, ubaridi huo nao ukikaa siku kadhaa unakiua kiinitete, kwahiyo usikimbie moto ukaangukia barafu.

Kwa mwenyekiti wa mtaa tulikaa siku iliyofuata. Nilisema ninachokijua bila kupendelea upande, kwamba kijana hakuuza mayai ya kisasa wala hakuna yaliyopakwa chai, kwamba kati ya mayai 26 tuliyoweza kuyasoma ishirini yalikuwa yamerutubishwa, kwamba kwenye kibanda chake cha bati aliyachosha na kwenye stoo ya kikundi yakamaliziwa. Niliona kabisa kuna mama wawili hawakufurahi, walikuja wakitegemea hela yao irudi. Mwenyekiti wa mtaa akasema kila upande una siku zake kwenye hiki kifo, na mimi naona alisema sawa. Wakakubaliana kijana alipwe ile nusu iliyobaki ikipunguzwa kidogo kwa ajili ya yale yasiyo na mbegu kweli, akakubali palepale, nadhani kilichokuwa kinamuuma zaidi ni lile jina la tapeli kuliko hela.

Yale sita ya ile trei yasiyo na mbegu bado nayafuatilia, mana kule vijijini wapo wenye kuku kumi na tano na jogoo mmoja mzee, mimi nashauri jogoo mmoja kwa mitetea minane mpaka kumi, na awe na nguvu zake. Ila hilo ni tatizo dogo ukilinganisha na lile la joto, tusilitangulize.

Walichobadilisha ni hiki. Kijana sasa anampa kila mama wa kijijini penseli, kila yai linaandikwa tarehe siku linapotagwa, lililozidi siku saba halichukui la kutotolesha, linauzwa la kula. Anasafirisha alfajiri kabla jua halijachomoza. Kikundi kimeachana na habari ya kusubiri mashine ijae, wanapakia kila wiki kilichopo, na yakifika siku ya 18 wanayahamishia trei ya chini isiyogeuka. Mayai yakifika mchana wanayapumzisha kwanza kivulini, yakiwa yamekaa butu juu, na stoo imehamia kwenye chumba cha bibi, wakamnunulia vyungu vingine vitatu. Awamu ya kwanza ya mtindo huu walipima siku ya saba nikiwepo, trei mbili tu za kijana, matupu yalikuwa tisa kwa zote mbili, tukayapasua yote, matano hayakuwa na mbegu, manne yalikuwa yameanza yakafa.

Kwa hayo manne bado sijaridhika. Tarehe zake zilikuwa nzuri, siku nne na siku tano, safari ilikuwa ya alfajiri, chungu kilikuwa sawa. Yote manne yana alama ya penseli ya nyumba moja. Kijana ananipitia Jumanne twende huko Bahi nikaone huyo mama anayaweka wapi kabla hayajachukuliwa, anahisi ni juu ya kabati karibu na bati.